Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Mimi ndiye nipikaye damu.
Sharubati ya mahindi, rangi nyekundu,
kijiko cha kahawa ili isimetemete mno chini ya taa.
Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji;
yangu ni nzito kwa sababu ya sukari,
na nzi wa Busan wote wanaijua.

Miaka kumi na tisa ndani ya ghala hili la Yeongdo
nyuso hunijia alfajiri na usingizi wake,
nami nazitambua kabla hazijafumbua kinywa.

Mpelelezi, huyo simnyoi.
Ndevu za siku tatu, mke kafa au kamkimbia,
mwandishi bado hajaamua.
Shati moja tangu mwanzo hadi mwisho,
chupa ya soju chini ya mafaili.

Rafiki yake wa chuoni: poda kidogo, tabasamu tele.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hizo nimezipiga pasi mimi.
Ukimwona anamimina chai kwa mikono miwili, basi ndiye.

Msichana akimbiaye
nampaka michubuko ya magoti kabla hajaanguka.
Ataanguka tu. Sakafu kavu, viatu vya raba,
ataanguka.

Na muuaji, Bwana Tak, mwenye glavu nyeusi
na sauti itokayo chini ya ngazi,
huogopa sindano.
Huniletea viazi vitamu vya kuchoma ndani ya gazeti,
huniuliza mguu wa mama unaendeleaje.
Yule achezaye polisi mwaminifu
ana deni langu la won elfu themanini
tangu ile filamu ya mvua.

Siku za mwizi ni arobaini;
zetu ni dakika mia na kumi,
na Maeng Dal-ho hakuwahi kuvuka ya saba.

Kwenye karatasi hana jina: Mlinzi wa Kwanza.
Koti la buluu, tochi, funguo kiunoni.
Anasikia kitu nyuma ya masanduku, anasema,
"Nani hapo?"
Basi. Ndiyo sehemu yake yote.
Mara thelathini na moja nimemchinja kwa brashi,
mara thelathini na moja ameniomba
aangukie kushoto, nyonga ya kulia inauma.
Halafu hula tambi zake, koo wazi,
ameshika leso chini ya kidevu
asije akachafua kola ya watu.

Siku moja alimuuliza mwongozaji:
"Je, mlinzi akisikia, akaenda zake nyumbani?"
Tulicheka sana.
Mwongozaji akasema, "Hapo hatuna filamu, mzee."

Jumanne moja ya Februari hakuja.
Mwenye nyumba alimkuta kitandani, redio ikiongea,
soksi zake zikikauka juu ya kiti.
Mlango haukulia. Hapakuwa na alama ya kiatu.
Hakuna mwenye ndevu za siku tatu aliyekuja kuuliza
alikula nini, alimpigia nani, nani alimchukia.
Moyo ulichoka, ukaacha.

Adhuhuri koti lake lilivaliwa na kijana
mikono ikamfikia nusu ya kigutu.
Nilimbandika jeraha lile lile.
Akaninong'oneza: "Nilisemeje, mama?"
"Polepole," nikamwambia.
"Kama mtu anayetaka kweli kujua."

Alilisema vibaya. Wakarudia.
Maeng alikuwa halirudii kamwe.
Mara ya tisa, mara ya kumi.
Mara ya kumi na moja, "Nani hapo?"
na gizani hakutoka mtu.

Tukawasha taa.
Bwana Tak alikuwa amekaa juu ya kreti,
kisu cha plastiki miguuni, glavu moja kaivua,
analia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Nikaenda na pamba.
Nifanyeje? Machozi huharibu poda.